Chemchemi Mbili Chini ya Lengai

Jumanne, 22 Juni

Ng'ombe wameanza kukataa majani. Amesema Nyangeta, kwa redio ya upepo, saa kumi jioni. Wanayavuta, wanayatema, wanasimama. Midomo ina vidonda. Majani anasema yako kama yaliyopakwa chokaa.

Nyangeta ni mwanangu wa pekee. Muuguzi wa zahanati ya kanisa, kijiji kilicho chini ya Ol Doinyo Lengai, ng'ambo ya Serengeti. Mlima ulianza kutapika wiki iliyopita. Upepo unapeleka jivu magharibi, malishoni. Wafugaji wamerudi kijijini na mifugo yote kwa mkupuo.

Asubuhi nilikuwa mwaloni hapa Mwanza, samaki wanaposhushwa, habari ya bei ya sangara. Viwanda vipya vinachukua minofu, mjini tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa. Imeandikwa, imetumwa.

Ofisini, tawi la shirika la habari, niko peke yangu. Meza tatu, mbili zina vumbi. Waliozikalia walipunguzwa kazi mwezi Machi. Jioni nilipika ugali mwingi tena. Mama Nyangeta ni marehemu mwaka wa nne huu, lakini mkono bado unapima unga wa watatu.

Jumatano, 23 Juni

Mhariri alipiga simu kutoka Dar. Kijana. Gazeti lake ni la binafsi, la kila wiki, linanilipa kwa kila habari. Anataka mlima.

"Mzee Magesa, wasomaji wanataka moto! Nipe kichwa: Mungu wa Wamasai Akasirika."

Nikamwambia moto uko juu kwenye kasoko, chini kuna vumbi.

"Basi tia moto kidogo mzee wangu."

Nilikata simu. Baadaye nilijuta, si kwa sababu ya moto. Ndiye mtu pekee niliyeongea naye leo kwa zaidi ya dakika moja.

Ijumaa, 25 Juni

Hospitali ya Sengerema inatafuta muuguzi. Nimeambiwa na katibu wa afya wa kanisa, tulipokutana posta. Akaongeza: zahanati ya chini ya mlima huenda ikafungwa, na ikifungwa nafasi ni ya Nyangeta.

Sengerema ni kuvuka ghuba tu. Kivuko. Angekuja nyumbani kila Jumamosi.

Habari hii nimeipenda kuliko inavyostahili. Usingizi haukuja mapema.

Jumatatu, 28 Juni

Mambo yameharibika leo hewani.

Chumba cha redio kiko ofisi za kanisa, Mirongo. Anakiendesha Mama Kalekwa, karani, mwanamke mwenye sauti ya mnada. Vituo vyote vya kanisa vinatumia wimbi moja. Ukiongea na mmoja unaongea na wote. Watu huja kwenye redio zao saa kumi hata kama hawana la kusema, wanasikiliza ya wengine. Hakuna gazeti litakaloshindana nao.

Nyangeta alianza kwa Kiswahili: dawa za kuharisha zimekwisha, watoto ni wengi, ova. Kisha akahamia Kijita, lugha yetu. Aliniambia maji ya chemchemi wanayochota yamekuwa machungu tangu usiku ule upepo ulipogeuka na jivu likaangukia kijiji. Kuchemsha hakusaidii. Akaniomba nisiliandike gazetini. Likiandikwa, kanisa litafunga zahanati.

Kabla sijajibu, sauti ya mwanamume ikaingia: "Shikamoo baba! Na huku Bunda tumo Wajita, tumekusikia wewe na dada. Poleni na maji, ova."

Vituo vikacheka. Mwingine akadakia: "Tutafsirieni basi na sisi Wasukuma, ova!" Yule wa Bunda akatafsiri. Neno kwa neno. Mama Kalekwa akapiga meza: "Funga mdomo wewe Bunda, hiyo ni siri ya mtu!" Akasahau kuachia kitufe. Hilo nalo likaenda hewani.

Nyangeta akasema tu, "Nimemaliza, ova." Redio ikabaki inakoroma.

Katibu wa afya aliniita dakika kumi baadaye. Kamati yake inakaa Ijumaa ya tarehe tisa kuamua zahanati ifungwe au la. Hawana mtu wa kwenda kuangalia. Land Rover ya kanisa inapeleka dawa keshokutwa, kuna nafasi moja. Akaniomba niende, nione maji, nimletee nakala ya nitakachoandika.

Nikamkumbusha mimi ni baba yake.

"Najua. Lakini hujawahi kuniandikia neno ambalo sikulisema. Wengine wote wameshaniandikia."

Nimekubali. Nataka maji yawe mabaya. Naliandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuliandika.

Jumatano, 30 Juni

Tumeondoka Igoma, pembeni ya mji, alfajiri. Dereva ni Kulwa, Msukuma wa Magu, mnene, hanyamazi. Hadi getini Serengeti nilishajua majina ya ng'ombe wa baba yake.

Nyumbu hakuna upande huu, wameshaondoka. Nyasi fupi, kahawia, kawaida ya mwezi huu. Hakuna dalili ya jivu. Tunalala misheni, Loliondo. Baridi. Kulwa amesali, kisha amekoroma, bila nafasi katikati.

Alhamisi, 1 Julai

Jivu linaanza ghafla. Kilima kimoja ni kahawia, cha mbele yake ni cha kijivu. Hakuna mpaka wa polepole.

Niliyoyaona. Majani yote yamelala upande mmoja, yamegandamana. Ukiyapitishia kidole yanakwangua kama msasa. Migunga imepoteza majani ya juu, ya chini yamebaki. Hakuna ndege. Nyayo za swala zinaelekea kaskazini, za kurudi sikuziona. Punda milia mmoja amekufa kando ya njia, na fisi hawajamgusa. Kulwa alisimamisha gari tumtazame. Akaendesha kwa mikono miwili mpaka tulipoanza kuteremka ukingo wa bonde.

Kisha mlima. Umesimama peke yake, mkali kama kichuguu. Kileleni ni mweupe. Kutoka mbali utasema theluji. Nyangeta alinieleza baadaye: uji wa mlima hutoka mweusi, ukikaa siku chache unageuka mweupe wenyewe. Moshi kidogo. Moto, hakuna. Mhariri atalia.

Nyangeta alikuwa mlangoni mwa zahanati. Amekonda. Nywele zina vumbi, midomo imepasuka. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa na mama yake, akarudi kwa wagonjwa. Foleni ilikuwa inazunguka nyumba. Nilikaa kwenye benchi na wagonjwa. Aliniona zamu yangu ilipofika.

Hakugusia redio. Na mimi pia.

Ijumaa, 2 Julai

Chemchemi nimeiona. Bwawa dogo la wazi chini ya mtini, mwendo mfupi kutoka zahanati. Pembeni kuna ukoko mweupe. Nimeonja. Machungu, yanateleza ulimini kama sabuni. Nimetema. Ndama wawili wamekufa hapo hapo ukingoni. Ng'ombe wengine wana manyoya yaliyonyofoka miguuni. Nimepiga picha.

Kwa hiyo habari ninayo. Maji hayafai. Kesho asubuhi tunarudi.

Nilikuja na gunia la dagaa, zawadi kwa wazee wa kijiji. Ndivyo tufanyavyo kwetu, huendi ugenini mikono mitupu. Nilimkabidhi Mzee Melubo, mwenyekiti wa kijiji, mbele ya foleni nzima. Alifungua, akanusa, akafunga haraka.

"Nyinyi watu wa ziwani," akasema, "mnakula wadudu wa maji halafu mnatuletea sisi wenye shida?"

Foleni ilicheka mpaka akina mama wakashika matumbo. Nyangeta alitoka kuona kuna nini. Alipoliona gunia naye akacheka, kichwa nyuma. Sijamwona akicheka hivyo tangu msiba. Nilisimama pale kama mpumbavu na sikujali.

Jioni Kulwa alichota ule ukoko mweupe, akajaza mfuko. "Magadi ya bure, mzee! Igoma wananunua haya." Nyangeta akamwambia si magadi, ni jivu la mlima, asiweke kwenye chakula. Kulwa akamwambia dada, mimi nimelelewa kwa magadi, mama yangu hakuwahi kupika kunde bila magadi, nitashindwa kuyajua? Akatia kwenye maharage yake. Mimi na Nyangeta tulikula ugali na maziwa.

Jumamosi, 3 Julai

Kulwa hawezi kusimama. Ametapika usiku kucha, tumbo linamkata. Nyangeta amemtundikia dripu. Anamwita "mtaalamu wa magadi." Anajibu kwa kuugua tu. Hatuondoki leo.

Kama tungeondoka, nisingeona yafuatayo.

Asubuhi wanawake walipita na punda, madumu yakigongana. Hawakwenda mtini. Walielekea ukingo wa bonde. Niliwafuata. Njia inapanda kwenye korongo, mawe matupu, saa nzima na zaidi kwa miguu yangu. Juu pana ufa kwenye mwamba, na maji yanatoka ndani ya ufa, chini ya jabali lililoinama. Jivu haliwezi kuingia. Nimeonja. Nimekunywa. Nimekunywa tena. Baridi, matamu, hayana uchungu wowote.

Mwanamke mmoja aliyejua Kiswahili kidogo aliniuliza kwa nini sisemi kitu. Nikamwambia nimechoka. Akasema daktari wao hachoki. Nikauliza daktari yupi. Akacheka: Nyangeta. Anapanda huku kila asubuhi kabla ya jua, anateremsha dumu lake mwenyewe. Ndiye aliyewaonyesha wafugaji wote waliorudi njia na kuwakataza maji ya chini. Watoto wanaoharisha, akasema, ni wa maboma ya mbali, wasio na punda.

Ng'ombe hawawezi kupanda korongo. Hilo nalo nimeliandika.

Nimeteremka na sentensi mbili kichwani. Chemchemi ya chini haifai. Chemchemi ya juu ni safi. Nikiandika ya kwanza peke yake, sijasema uongo hata neno moja. Katibu atasoma, kamati itafunga, na Nyangeta atakuwa Sengerema kabla ya Agosti.

Sikupenda jinsi wazo hilo lilivyokaa vizuri.

Jumapili, 4 Julai

Ibada chini ya mgunga, kisha chai. Nilimwambia habari za Sengerema. Alikuwa anazijua. Redio.

Nikamuuliza kama angependa. Akasema kwa Kijita, polepole:

"Baba, hapa nikiondoka watakaouliza niko wapi ni wengi. Mwanza utauliza wewe tu."

Hakukusudia kuniumiza. Nyangeta anasema vitu jinsi vilivyo. Hilo amelirithi kwangu.

Nikamuuliza kwa nini hakunieleza chemchemi ya juu siku ile hewani. Akasema alitaka, alikuwa anafika huko, yule wa Bunda akaingia, aibu ikamfunga mdomo. Na baada ya hapo ingeonekana anajitetea.

Alasiri Mzee Melubo alikuja kuniaga. Amenirudishia gunia, wazi, limepungua nusu. Akasema vijana wake waliojaribu hawajafa. Nilimuuliza kuhusu malisho. Alisema mlima ulishatapika akiwa bado moran, kijana wa kulinda ng'ombe, ng'ombe wakafa wengi, nao wakahama. Mvua zikaja mara kadhaa, jivu likaingia ardhini, majani yakarudi marefu mpaka mbuzi wakapotea ndani. Safari hii hatahama, atangoja mvua. Nikamuuliza kama ana hakika.

"Hakika ya nini? Mimi ni mvua?"

Nimeyanukuu hivyo hivyo.

Jumatatu, 5 Julai

Tumeondoka. Kulwa anaendesha taratibu, ameshika tumbo kwa mkono mmoja. Mfuko wake ameumwaga mwenyewe kabla ya kuwasha gari.

Nyangeta alisimama mlangoni. Wagonjwa walikuwa wamefika, hivyo hakusimama sana. Nilitazama nyuma mara moja. Vumbi lilikuwa limeshafunga njia.

Jumanne, 6 Julai

Mwanza usiku. Nyumba ina harufu ya nyumba iliyofungwa. Jirani aliuliza nilikuwa wapi. Nilisema safari. Akasema aa. Basi.

Nilikaa kwenye taipureta. Aya nane zilitoka bila shida: jivu, majani, mifugo, upepo, maneno ya Melubo. Aya ya tisa ni maji. Niliandika sentensi ya kwanza, nikaweka nukta. Nikakaa. Nikachemsha chai. Taa zikakatika, mgawo. Nikawasha mshumaa, nikarudi.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita. Nimeandika habari za wakubwa ambao wangeweza kunifukuza, na mkono haukusimama. Leo umesimama kwenye nukta.

Niliandika ya pili. Na ya tatu: kwamba ni mwendo wa saa moja na zaidi kupanda, kwamba maboma ya mbali hayana punda, kwamba watoto wa huko ndio wagonjwa, kwamba matangi yakiwekwa kijijini na kujazwa kutoka juu watapona. Hilo la matangi ni maneno ya muuguzi wa zahanati, ambaye ni binti wa mwandishi. Nimeandika na hilo. Msomaji ana haki ya kujua.

Nimemaliza. Sijisikii vizuri. Sijisikii mwema. Najisikia mtu wa miaka hamsini na nne kwenye chumba chenye mshumaa.

Jumatano, 7 Julai

Sabasaba. Posta imefungwa, hakuna faksi. Nakala ya katibu nimeipeleka nyumbani kwake kwa mkono. Alisoma amesimama barazani, watoto wake wakipiga kelele nyuma. Alirudia aya ya tisa.

"Ungeweza kuishia hapa," akasema, kidole kwenye nukta ya kwanza.

Nikasema ndiyo.

Alikunja karatasi, akanikaribisha pilau. Nilikula kidogo, nikaaga. Mji mzima uko uwanjani kwenye sherehe. Nilitembea hadi ziwani. Maji yametulia, mawe yamekaa yanapokaa siku zote. Mbele, upande wa Sengerema, kivuko kilikuwa kinarudi. Nilikitazama mpaka kikafika, abiria wakashuka. Sikuwa na mtu wa kumpokea. Nikageuka.

Alhamisi, 8 Julai

Faksi imekwenda. Mhariri alipiga simu. Moto haumo, amesikitika. Ataitoa ukurasa wa tano. Aliuliza kama binti yangu hajambo. Sikutegemea.

Ijumaa, 9 Julai

Zahanati haifungwi. Uamuzi wa kamati, umetangazwa na katibu wa afya saa tisa alasiri. Kanisa litapeleka matangi mawili ya maji na punda sita. Mifugo si kazi ya kanisa, wameiandikia wilaya. Nafasi ya Sengerema amepewa muuguzi kutoka Ukerewe.

Saa kumi nilikuwa Mirongo. Mama Kalekwa aliniachia kiti chake na kipaza sauti. Nilimpa Nyangeta taarifa kama nilivyoipata, bila kuongeza.

"Asante, baba. Umekula leo? Ova."

Nikasema nimekula, ova. Sikuwa nimekula.

Bunda ikaingia, polepole safari hii, ikiomba ruhusa kwanza. Yule Mjita alitaka kuomba radhi. Nyangeta akamwambia amesamehewa, ila akirudia atatumiwa magadi ya Kulwa. Vituo vyote vikacheka. Na mimi.

Jumamosi, 10 Julai

Nimeamka kabla ya jua bila sababu. Nimefua mashati. Nimefagia ofisi, na zile meza mbili nimezifuta vumbi. Mvua hakuna, mawingu mepesi juu ya ziwa.

Nimepika ugali wa mtu mmoja. Nimepima unga kwa kikombe. Umetosha. Nimekula nikiwa nimekaa, si kwa kusimama.

Mchana nilikwenda Igoma kwenye karakana kuyaona matangi. Ni ya bati, fundi anamalizia kuchomelea. Mfuniko wa tangi la pili haukai sawa, unaacha nafasi ya kupitisha kidole. Nimemwonyesha. Amesema ni kitu kidogo. Nimemwambia jivu ni jembamba kuliko kidole. Amekubali kuukata upya.

Upimaji wa mfuniko ni kesho baada ya ibada. Lori linapakia Jumatatu, tarehe kumi na mbili, saa kumi na mbili asubuhi.